Ubeti Niliouharibu Makusudi

Alhamisi

Masikio bado yanawaka kwa aibu.

Tangu Jumanne, mwalimu mpya wa kwaya aliponipa ubeti wa kuimba peke yangu Jumapili, sijatulia. Kwa nini mimi, ambaye hata shikamoo yangu watu huwa hawaisikii? Mama Neema, tunayesimama naye mstari mmoja, alininong'oneza, "Mwanangu, mjomba wako si mzee wa kanisa? Huyo mwalimu anajipendekeza kwake."

Basi leo nilimtega. Niliimba ovyo makusudi, kila pa kupanda nikashuka. Nikasema moyoni, akinisifu tu, nimemjua.

Akasimamisha kwaya nzima. "Jumanne uliimba mpaka nikasahau kupiga kinanda. Leo unafanya makusudi. Wimbo wa ibada hatuuchezei, hata kama mjomba wako amekaa pale."

Mjomba alikuwepo kweli, kwenye benchi la nyuma. Alitazama chini.

Ubeti akapewa Neema.

Kumbe mwalimu alinichagua kwa sauti yangu. Nimelijua hilo wakati nafasi imeshakwenda, na njia nzima mpaka hapa nyumbani Chumbageni nimekuwa nikijiuliza kama nikamwombe radhi au...

Tulipokuwa tukitoka, Mama Neema alinishika bega. "Pole mwanangu. Neema wangu hata hakuutaka huo ubeti."

Lakini Neema aliuimba wote papo hapo bila kutazama karatasi yoyote. Maneno yalikuwa kwenye karatasi moja tu, yangu, na aliyeniomba nimwazime Jumanne ni mama yake.