Mpiga Tarumbeta Uliyesema ni Mweusi

Asajile, rafiki yangu,

Mtu akianza barua huuliza hali. Sasa wewe nikuulize nini? Hapa Ipinda sisi wazima, ila mguu wa baba yangu, ambao zamani ulikuwa ukiuma mvua ikikaribia, siku hizi unauma hata jua likiwaka. Mpunga umevunwa. Mimi bado nashona nguo kwenye baraza la duka, cherehani ileile, na bado inakata uzi nikiwa na haraka. Basi niache salamu nikuambie jambo lenyewe: ulisema kweli. Yule mpiga tarumbeta wako ni mweusi. Nimemwona kwa macho yangu, mweusi kuliko mimi, na wewe unajua mimi nilivyo.

Najua ungekuwa hapa ungenicheka mpaka ukae chini. Cheka, ruhusa.

Nakumbuka ulivyorudi likizo kutoka machimboni kusini, umejitwisha gramafoni kama mwanamke aliyebeba chungu cha Ikombe, hutaki mtu akusaidie. Jioni tukajaa nyumbani kwa mama yako, marika wote tuliochunga ng'ombe pamoja. Ukaweka santuri, tarumbeta ikaanza kulia, ukatuambia kwa maringo kwamba anayepiga ni mtu mweusi wa Amerika. Tukaangua kicheko. Mwalimu wa kwaya akasema pumzi ile ni ya Mzungu, tena Mzungu aliyesomea. Mimi nikamuunga mkono, maana nilipenda kubishana na wewe kuliko nilivyopenda kula. Nikasema weusi wa Amerika walipelekwa utumwani kulima pamba, nani angewapa tarumbeta? Ukanijibu, "Ambwene, wewe shona nguo. Haya mambo niachie mimi."

Mama yako alikuwa uani anapeta mchele. Akasimamisha ungo, akasikiliza, akauliza, "Huyu mtu kafiwa na nani?" Ukasema hujui, ila ni mtu wetu. Yeye peke yake hakukubishia. Tangu siku hiyo ikawa kila jioni anakuambia umwekee santuri ya yule mwenzako, mpaka likizo ikaisha ukaondoka na gramafoni yako, kwa sababu wenzako kule machimboni walikuwa wanaingoja.

Hukurudi tena. Alirudi yule mtu wa Ipyana mliyefanya naye kazi, akaja na blanketi lako na habari ya mwamba ulioanguka. Aliisema vizuri, kwa adabu, kama inavyotakiwa. Mama yako alimsikiliza nusu, akamwambia, "Huyo ni Asajile mwingine," akamrudishia blanketi.

Sikukuandikia wakati ule kwa sababu sikujua niandike nini. Tulikwenda kwake na ndizi, mchele na kuku, kama tunavyokwenda kwa kila mfiwa, akatusimamisha nje. Alisema, "Rudini. Hapa hakuna msiba. Mkinipa pole mtakuwa mmeniulia mtoto." Na unajua kwetu chakula kilichotolewa kwa ajili ya msiba hakirudishwi jikoni kilikotoka. Tulikipeleka kanisani kikagawiwa, watu wakala lakini hawakuridhika. Nyumba yenyewe haijalia, sisi wa nje tungelia vipi? Nilikulilia kwenye cherehani, Asajile, nikiwa nimeinamia suruali za watu. Wateja walidhani naumwa macho.

Halafu akaanza kuja barabarani. Kila lori lililoshuka kutoka Tukuyu, mama yako alikuwa amefika. Alisimama mbele ya baraza langu, akawatazama wanaoshuka mmoja mmoja hadi wa mwisho, akanishukuru, "Ndaga, mwanangu," kana kwamba mimi ndiye niliyeleta lori, akarudi nyumbani. Jua, mvua, hata barabara ilipojaa maji mpaka magotini. Alikonda. Shamba lake likaota majani kwa kuwa siku nzima sikio lake lilikuwa barabarani. Nilimwogopea. Niliona tutampoteza na yeye akiwa amesimama palepale, anamngoja mtu aliyekwisha kuzikwa. Na hakuna aliyethubutu kumwambia neno, mimi nikiwa wa kwanza kati ya waoga.

Sasa nikuambie ya sinema.

Gari la sinema la serikali lilifika baada ya mavuno. Mama yako alisikia mngurumo akaja, akidhani ni lori la abiria. Alishuka mtu mmoja tu, Bwana Salum, kijana wa Tanga mwenye kofia na maneno mengi, ambaye ndiye dereva, ndiye fundi, ndiye mkalimani. Mama yako alipomwona si wewe aligeuka kuondoka. Salum akamwamkia, "Shikamoo mama, usiondoke, jioni kuna picha." Nadhani alibaki kwa sababu ya ile shikamoo tu.

Giza lilipoingia, shuka jeupe likafungwa, uwanja wote umejaa. Kwanza tukaonyeshwa jinsi ya kunawa mikono, kwa muda mrefu sana, utafikiri sisi tulikuwa hatujaona maji na ziwa liko pale. Kisha jinsi ya kupanda pamba. Watoto wakaanza kusinzia. Ndipo Salum akasema kwenye kipaza sauti kwamba sasa ataweka picha nyingine kutoka Amerika, nayo imetengenezwa kumkumbuka mpiga tarumbeta mashuhuri aliyefariki, pamoja na wenzake walioanza naye muziki ule.

Asajile, walikuwa weusi wote! Alianza mzee wa kinanda, vidole vyake vinakimbia huku yeye mwenyewe ametulia. Akaja mama mmoja mnene, amefumba macho anaimba, na mtu aliyekumbatia zeze kubwa kuliko yeye. Kila mmoja alitajwa jina, na kila jina Salum alilitamka jinsi ulimi wake ulivyoweza. Mwisho akaonekana marehemu mwenyewe enzi za uhai wake, mashavu yamejaa, jasho linamtoka, tarumbeta juu. Mwalimu wa kwaya aliyekuwa kando yangu akaninong'oneza, "Labda wamepakwa masizi." Halafu ukaonyeshwa mkono wa yule mtu kwa karibu, kiganja na vidole, mkono kama wa mjomba wangu kabisa. Mwalimu akasogea mbele, akasogea tena, mpaka kivuli cha kichwa chake kikaingia kwenye shuka na watu wakamfokea akae. Niligeuka kukutafuta nikuambie umeshinda. Niligeuka kweli, Asajile, kichwa na mabega.

Kisha likaja jeneza. Watu weusi wamevaa suti nyeusi, mchungaji mwenye Biblia mbele, na nyuma yake matarumbeta yanalia polepole kwenda makaburini. Hapo hakuna aliyekumbuka kwamba ni picha. Wanaume wakavua kofia. Wanawake wakakaa chini kama wanavyokaa msibani, mmoja akaanza kulia, wengine wakapokea. Salum akapaza sauti, "Jamani, ni sinema!" Nani amsikilize? Tumeambiwa mtu amekufa, tumemwona anazikwa, tukae tu kama magogo? Na walipotoka makaburini matarumbeta yakabadilika, watu wa kule wakaanza kucheza barabarani wakipunga vitambaa. Wazee wetu wakatazamana. Nao walicheza kwenye mazishi ujanani mwao, kabla hawajaambiwa na kanisa waache, na sasa wanawaona Wakristo wa Amerika wanacheza mchungaji akiwepo. Kuhusu hilo bado wanabishana mpaka leo, na kwa mara ya kwanza mimi simo.

Mama yako hakulia. Alimsogelea Salum, akauliza, "Ni yule wa Asajile?" Salum hakumjua Asajile wala yeyote. Mimi nikamjibu, "Inawezekana, mama. Tarumbeta ni ileile." Sijui kama ni yeye hasa, nawe usinibane. Akauliza tena, "Na amekufa?" Salum akavua kofia yake, akasema, "Amekufa, mama." Mama yako akajifunga kanga yake vizuri akaenda nyumbani.

Asubuhi nilipofika barazani nilikuta watu wamelizunguka gari la sinema. Wamekuja kutoa pole. Ndizi mikungu kwa mikungu, mchele, mihogo, kuku wawili wamefungwa miguu, na Salum katikati anataka kuwasha gari aende Kyela. Maskini, alikuwa anaapa kwa Mungu kwamba yeye si mfiwa. "Wafiwa wako Amerika!" alisema. Mzee mmoja akamwambia, "Na wewe ndiye uliyetoka kwao na habari. Wapelekee." Salum akatazama kuku, kuku wakamtazama.

Nami nikamwona mama yako anakuja, ana chungu cha mchele kichwani. Yeye, Asajile! Yeye aliyetufukuza na vikapu vyetu, amekuja kumpa pole mgeni. Alikitua karibu na gurudumu, akasema, "Huu ni wa yule mwenzake Asajile. Alituburudisha sana."

Salum alikataa katakata kuvibeba. Kuvirudisha majumbani haiwezekani. Mtu mmoja akataja kanisani, mzee wa kanisa akasema tena kanisani? Na huyu marehemu hata hajulikani ni wa dhehebu gani. Tukasimama na vyakula vyetu jua linapanda. Ndipo mwalimu wa kwaya, yuleyule uliyekuwa ukisema ana kichwa kigumu kama jiwe la kusagia, akasema kwa sauti ya chini, "Huyu mtu hapa Ipinda aliingia nyumba moja tu."

Watu wote wakamtazama mama yako. Yeye akakitazama chungu chake pale chini. Nilijua akisema rudini, ndiyo basi, hatutathubutu tena maishani.

Akasema, "Ni kweli. Alikuwa akija kwangu kila jioni." Akageukia njia ya kwake. "Leteni."

Tukaenda. Nilibeba chungu chake mimi. Aliingia ndani, akakaa chini, miguu ameinyoosha, wanawake wakamzunguka, wanaume tukabaki uani tunakoka moto. Akaanza kumlilia yule mgeni. Jina lake hakulijua, akawa anamwita hivyohivyo, "Mwenzake Asajile, ee, mwenzake Asajile." Alilia hivyo muda mrefu. Kisha akachoka, sauti ikapungua, na neno la mbele likaanguka. Ikabaki "Asajile." "Asajile, ee." Mwalimu wa kwaya alinishika bega, nami nikalia bila cherehani ya kujifichia.

Tulikaa siku zote zinazotakiwa. Tulikula pamoja marika wote, ule ukwangala wetu wa kukaa na kufurahiana kama zamani, tukatoa hadithi zako, hata zile mbaya. Yule mtu wa Ipyana aliitwa, akaja tena na blanketi lako, na safari hii mama yako alimsikiliza mpaka mwisho. Akamuuliza, "Mlimwimbia?" Akasema waliimba njia nzima ya kwenda makaburini. Akauliza kama udongo wa kule ni mwekundu au mweusi. Akaambiwa mwekundu. Akaitikia kwa kichwa, akalichukua blanketi akaliweka magotini.

Salum naye hakwenda Kyela siku ile. Alikaa na wanaume, akala, akaniambia kwao Tanga mtu haondoki msibani kabla ya kula. Alipoondoka alimwamkia mama yako mara mbili.

Jana mama yako alikuja barazani mchana kweupe, hakuna lori. Akasema, "Mwandikie." Nikamwambia mama, huko aliko barua haifiki. Akanikazia macho. "Ulikuwa ukibishana na yeye, sasa unabishana na mimi?" Ndiyo maana naandika, naye leo amerudi, ameketi hapa kwenye gunia, anapepea inzi na kuniuliza mbona nachelewa.

Maneno yake ni haya, nayaweka alivyosema: "Mwambie nimepokea habari yake. Mwambie asihangaike na njia ya kurudi, mimi simngoji tena barabarani. Akae na wenzake. Kama yule wa tarumbeta yuko huko, ampe pole yangu."

Yangu ni machache. Shamba lake tumeshalifyeka mimi na marika, na kila msimu tutaanza na lake ndipo tuende kwetu. Hilo nakuahidi, na unajua mimi nikiahidi nachelewa lakini nafika. Na mtu akisema mbele yangu kwamba pumzi ile ni ya Mzungu, nitambishia mimi, kwa niaba yako, mpaka aombe maji.

Nimemsomea barua yote. Pale pa kukonda amesema nifute, nimekataa. Amesikiliza mpaka hapa, akakunja mikono, akasema, "Sasa muage."

Tangu mwamba ule uanguke hatukuwa tumeruhusiwa kulisema neno hili. Kwaheri, Asajile.

Ni mimi,
Ambwene