Garanti ya Milango Mitatu

Yaya Kavira, dada yangu mkubwa ingawa hatukuzaliwa tumbo moja,

Kuna jambo nilikuficha, na tangu tulipokuzika linanisumbua. Nilipanga kukueleza ukipona. Hukupona. Basi nakuandikia, nawe unisikilize mpaka mwisho bila kunikatiza kama ulivyozoea.

Jumatatu ya wiki ile uliyolazwa, Papa Bahati alinisubiri nje ya hospitali nikitoka zamu. Unamkumbuka, mpangaji wangu wa mlango wa kwanza, yule anayevaa kofia ya sufu hata jua likiwaka. Alivua kofia. Nikajua mara moja kwamba hakuja kwa habari ya choo.

"Mama Beya, siye tunarudia kwetu Aveba. Kule kumetulia, tunataka tulime mbele mvua ipite. Utatupatia garanti yetu samedi ya wiki inakuya, tununue mbegu na majembe."

Aliposema "siye" nilianza kuhesabu milango. Mlango wa pili ni wa mdogo wake, wa tatu ni wa shemeji yake. Wote watatu, siku moja.

Na wewe ulinionya! "Usipangishe ndugu batatu mu milango tatu, mudogo yangu. Siku batatoka, batatoka bote." Nikakujibu una wivu, kwa kuwa nilijaza nyumba kwa siku mbili wakati vyumba vyako vilikaa vitupu mwezi mzima. Ulicheka mpaka ukajishika ubavu. Mimi nilijiona mjanja kweli.

Garanti yao unajua ilikuwa wapi. Ilikuwa juu ya vichwa vyao. Kila mmoja aliniwekea kodi ya miezi sita siku aliyoingia, nimrudishie siku atakayotoka, nami nikainunulia yote manjanja, mabati ya paa, nikaezeka. Sisi wenye nyumba ndogo hapa Bunia tunajenga hivyo: likelemba ya wanawake, ule mchango wetu wa zamu, inasimamisha kuta, mpangaji analeta paa. Nilijiambia akitoka mmoja, kodi ya wawili waliobaki itanisaidia kumrudishia. Hesabu hiyo haikuwa na nafasi ya watu watatu wanaokula sahani moja.

Nilikwenda benki. Kijana mwenye tai aliangalia karatasi yangu ya kiwanja, ile ya chefu wa mtaa, si hati ya serikali, akanirudishia kwa vidole viwili. Jirani yangu, yule mnunuzi wa dhahabu anayeshinda migodini Nizi, alisikia habari kabla hata sijamaliza kulia. Akaja na bei ya kunitukana, pesa taslimu, kiwanja na nyumba pamoja. Yaya, nilikaribia kukubali. Miaka saba ya mshahara wa muuguzi, mshahara unaokuja ukipenda. Nyumba hiyo ndiyo inayosomesha watoto wangu tangu baba yao alipotuacha. Na watu wa Aveba walikuwa na haki yao, wala sikuweza kuwaambia wangoje, kwa sababu mvua haingoji mtu.

Jumatano nikaja kukuona na hayo yote kichwani. Miguu yako ilikuwa imevimba, lakini ulikuwa bado unauliza kama yule mama wa Mudzipela amepata fundi wa milango. Nilikupaka mafuta mikononi. Ukaniuliza nyumba iko namna gani. Nikasema nyumba ni nzima. Ulinitazama kidogo, ukasema, "Sawa." Nadhani hukuniamini. Alhamisi ukaenda zako.

Nisamehe kwa uongo ule. Na kuna jingine la kusamehe, la zamani zaidi.

Unajua jinsi nilivyochoka na matanga uliyokuwa ukinipeleka. Kila juma msiba, kila juma viti vya plastiki. "Banki iko ku matanga," ulikuwa unasema. "Kule ku vioo iko makaratasi tu." Ulikuwa unamlilia marehemu kwa machozi ya kweli, unabeba viti, unachota maji, na kabla chai haijaisha unajua ni nani anachoma matofali, fundi gani analewa, mpangaji gani mwenye tabia nzuri anatafuta mahali. Mimi nilikuwa nakaa nyuma karibu na ukuta, nikiona haya. Siku moja tukirudi nilikuambia unafanya biashara kwenye vifo vya watu. Tulifika mlangoni kwako, ukatoa funguo. Halafu ukaniuliza, "Mutu hajakuya kulia na weye, utamupatia funguo ya nyumba yako?" Uliumia, niliona, na sikuomba radhi. Naomba leo.

Sasa sikia yaliyotokea kwenye matanga yako mwenyewe.

Nilikaa nyuma, karibu na ukuta, kama kawaida yangu. Ndugu zako wa Butembo walikuwa wengi, nami na sura yangu ya Mahagi sikujua nijiweke wapi. Nikaenda kuosha masufuria, angalau mikono ifanye kazi. Kando yangu alikuwa mama mmoja mnene wa kanisani kwenu, wanamwita Mama Zawadi.

"Weye ni nani wa marehemu?"

Nikasema, "Mdogo wake." Nilingoja acheke. Badala yake aliacha sufuria.

"Weye ni Beya? Wa milango tatu, choo safi, kisima karibu? Kavira alianza kutusemea juu yako mbele hata manjanja ipande. Tulikuwa tunachoka!"

Hapo nililia, yaya. Si machozi ya adabu. Nililia nikamweleza kila kitu, Papa Bahati, benki, jirani wa Nizi, kwa sauti, mikono ikiwa na masizi mpaka kwenye viwiko, na wanawake wote wa masufuria wakisikia. Mama Zawadi hakunipa shauri hata moja. Alifuta mikono kwenye kitenge, akaingia katikati ya viti.

Kabla ya jua kuzama aliniletea watu watatu: fundi cherehani, mwalimu kijana aliyepewa kazi mjini, na mjane anayeuza samaki wa ziwani. Niliwauliza kama wana undugu. Niliwauliza mara mbili! Hawakujuana hata kwa majina. Nikawaambia ukweli kwamba vyumba bado vina watu, na garanti naihitaji kabla hawajatoka. Unaujua mji wetu. Chumba kimoja kinaahidiwa watu wanne, halafu aliyepokea pesa anabadilisha namba ya simu. Mtu mwenye akili hawezi kukubali. Fundi cherehani alitazama picha yako pale mezani, akasema, "Mimi natoa. Juu ya jina ya Kavira." Wale wengine wakamfuata.

Jumamosi ile aliyoisema, Papa Bahati alipokea garanti ya milango yote mitatu. Aliitia ndani ya kofia, akaivaa kofia, akaniombea baraka ndefu huku gari likipiga honi. Jirani alirudi na bei yake Jumapili. Nilimpa kiti na chai tu.

Nilidhani mimi sijulikani na mtu Bunia. Kumbe ulikuwa umenitembeza mji mzima kwa mdomo wako, msiba baada ya msiba, wakati mimi nimekaa nyuma nakuonea haya. Asante, yaya. Asante haitoshi, lakini ndiyo niliyo nayo.

Garanti ya mjane wa samaki ilikwenda kwa watu wa Aveba, lakini nitaijaza tena. Kodi yake ya kila mwezi nitaiweka kwa mtunza sanduku wa likelemba mpaka itimie. Hiyo ni ahadi ndogo. Kubwa ni ya Neema. Binti yako ana kuta za vile vyumba viwili ulivyoanza, na hajui pa kushika. Anaona haya kuliko mimi. Ijumaa kuna matanga kwa watu wa Bankoko, nami nitampeleka. Tutabeba viti. Tutamlilia marehemu kwanza, kwa kweli, kama ulivyokuwa ukifanya. Kisha nitamgeukia aliyekaa karibu nami nimwambie huyu ni mtoto wa Kavira, ana nyumba nzuri ya milango miwili, choo safi. Nitasema hivyo hata kama bado haina paa.

Pumzika sasa, yaya. Umebeba viti vya kutosha.

Mdogo wako,
Beya