Kasha la Mtama wa Akiba

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Natangaza rasmi, ukoo wote usikie: kuku mweupe ametaga ndani ya kofia ya babu yako. Sisi wengine hapa Chemba hatujambo.

Umeuliza kama asiye fundi anaweza kutengeneza kasha la nafaka. Langu nililigonga nikiwa ndio kwanza nimeolewa, kwa mbao za kitanda kibovu. Nilipima kwa mkono. Miguu yake niliivalisha makopo yaliyopinduliwa, panya wateleze.

Baba mkwe, aliyeamini kilindo chake tu, pipa la gome la mti la kuwekea nafaka, alilizunguka.

"Mkamwana, unamzika nani?"

"Njaa, baba."

"Haya. Panya wakiingia, tunalipasua kuni."

Nikalijaza mtama wetu wote wa akiba. Mvua ziliporudi, alilifunua mwenyewe mbele ya majirani, akazamisha mkono hadi kwapani. Hakuna punje iliyotafunwa! Nikapiga vigelegele, wanawake wakaitikia mpaka ng'ombe wakashtuka.

Basi gonga tu, mama. Mkono hujifunza ukiwa umeshika nyundo.

Bibi yako

Nyongeza: siku ile tulifunua na kilindo cha baba mkwe, chenye mtama wake mwenyewe. Nacho panya hawakukigusa.