Kitambaa cha Kaka

Jumatatu, 3 Machi

Majibu yametoka. Uboho wa Kaka, yaani ule ute wa ndani ya mifupa, unalingana na wangu — kila kitu! Daktari kafurahi utadhani yeye ndiye aliyefaulu mtihani. Mimi nimecheka. Mimi na Kaka hatujawahi kulingana hata kwenye stesheni ya redio.

Bila kupandikizwa, anasema, dawa zitaituliza tu hii saratani ya damu, halafu itarudi. Nikipandikizwa naweza kupona kabisa. Naweza pia kufia humo humo wodini. Nikamuuliza, angekuwa yeye? Uamuzi ni wako, anasema, nijibu Ijumaa. Asante sana, daktari!

Jumanne, 4 Machi

Mume wangu hagusi chakula. Mwishowe katoboa: amesikia kundi langu la damu litabadilika liwe la Kaka. Sasa je, atakuwa analala na mke au na shemeji?

Nikamwambia ahamie kwenye kochi mpaka apate jibu. Akachukua mto kweli! Hakufika mlangoni. Akarudi, akasema hata nikigeuka shemeji, nibaki tu. Nikalia. Yeye pia, ila anasingizia mafua.

Jumatano, 5 Machi

Sipokei vitambaa vya kushona siku hizi. Mteja akifa, fundi anabaki na nguo. Fundi akifa, mteja anabaki na vipande — na matusi yote yananifuata kaburini.

Mwalimu mmoja, mteja wangu, kaleta kitambaa cha gauni. Nikamwambia cherehani ni mbovu. Mguu wangu, kwa mazoea, ukakanyaga. Ikaenda vizuri kabisa, tena bila kelele. Aibu gani hii!

Naogopa kufa. Basi, nimeandika.

Alhamisi, 6 Machi

Kaka ni kinyozi, kwa hiyo mtaa mzima unajua anamwokoa mdogo wake. Wateja wanampa mikono. Hajawaambia kwamba siku ya kupimwa, muuguzi alipofungua tu pakiti ya sindano, yeye alianguka puu! Mtu anayeshinda na wembe shingoni mwa watu!

Nimempigia. Una uhakika? Watakutoboa kiunoni. Kasema atakuwa amelazwa usingizi, hataona kitu. Kisha: ila sindano wasinionyeshe tu.

Kama anaogopa hivyo, mimi ni nani nimtese? Kisingizio kizuri. Nimekipenda mno.

Ijumaa, 7 Machi

Daktari atapiga simu leo kutaka jibu. Kabla yake kaingia Kaka, kitambaa cha buluu begani.

"Mdogo wangu, lile vazi lao la hospitali linaacha makalio nje. Mimi mtu mzima, nina wateja. Nishonee lenye vifungo nyuma, mpaka chini."

"Sipokei vitambaa."

"Kwani mimi mteja? Mimi uboho wako."

Nikampima huku nacheka. Kiuno kimeongezeka, anakataa. Nikatandaza kitambaa, nikakata. Nikachukua sindano ya mkono nishikize upindo kwanza. Uzi ukagoma kuingia tunduni. Nikaulamba, nikajaribu tena. Wapi! Kaka akaacha utani.

"Na wewe unaogopa?"

"Sana."

Akaninyang'anya sindano. Yeye! Akaikodolea macho, jasho linamtiririka mpaka kidevuni, akapitisha uzi.

"Haya," akasema, "shona."

Kisha puu.

Yuko sakafuni. Miguu nimempandishia kwenye kiti cha wateja. Anapumua vizuri. Kafumbua jicho moja, kauliza sindano iko wapi, kalifumba tena. Nami hapa juu nashona kwa mkono mmoja, naandika kwa mwingine, vyote vibaya.

Simu inaita. Ni daktari. Ngoja huyu bwana aamke kwanza, asikie mwenyewe nikikubali. Maana kitambaa chake nimeshakikata, siwezi tena kumrudishia.