Joka la Kisima cha Kiseke

Bibi, shikamoo kutoka Mwanza. Mama akikusomea kadi hii, mwambie asikimbie.

Jana nilishuka kwenye kisima chetu cha Kiseke. Ule mwamba bado upo, na upepo wa ziwa unanukia dagaa vilevile. Ila maji yamejaa povu! Siku hizi kila kioski kinauza sabuni ya unga, na watu wanafulia humo humo. Nikaanza kuwahubiria kina mama habari za vijidudu, mimi mwalimu mzima wa sayansi. Wakanicheka.

Nikakukumbuka. Ulituambia joka la kisima linachukia masizi na sabuni, na maji yalikuwa safi hata kokoto za chini tulikuwa tukiziona. Kisha mimi nikarudi kutoka shule, nikawatangazia majirani wote kwamba hakuna joka.

Nilipokuwa naondoka, yule mama aliyecheka kuliko wote alinifuata na sufuria yake ya masizi. "Dada, lile joka la wazee, kweli halipo?"

Bibi, nisamehe. Nilimwambia lipo.

Akaenda kuisugulia sufuria mbali, majanini. Ishi sana, Bibi. Sasa tuko watatu tunaolijua: wewe, mimi na yeye.

Mjukuu wako mbishi