Kasiksi ya Kuondoa Matanga Yako

Mama Riziki,

Najua utacheka, basi cheka kwanza halafu unisikilize. Mimi mumeo, fundi cherehani, mtu wa Maniema ambaye kwetu mwanamume hajui pombe inatoka wapi, anajua tu inaingia wapi, nimetengeneza kasiksi. Ndizi nimezikamua kwa mikono hii, na nyasi za kukamulia zimenichana viganja hadi kushika sindano kukawa taabu.

Sababu unaijua. Ulisema ukiwa kitandani kwamba siku ya kuondoa matanga yako hutaki watu wapewe bia ya chupa. Ulitaka kasiksi, pombe ya ndizi kama ya kwenu Bukavu, na itoke katika nyumba yako. Dada yako Faida alijitolea kuitengeneza kwake, nikakataa. Katika nyumba yako nimebaki mimi tu, maana binti yetu Riziki yuko kwa mumewe, kule Opala. Faida akakubali kunielekeza, lakini akaapa kwamba mkono wake hautagusa mtungi.

Jamani, wasiwasi wa mtu anayejifunza pombe! Kuvundika ndizi shimoni hakukunishinda, wala kukamua, wala kukaanga mtama na kuusaga. Taabu ilianza nilipoufunika mtungi kwa majani ya mgomba. Asubuhi nikafunua, hakuna povu. Nikadhani mtama ni mchache, nikaongeza. Sijamaliza kushona mguu mmoja wa suruali nikafunua tena, povu kidogo. Nikaonja. Nikakoroga. Nikatega sikio. Nikaona utando mweupe juu, nikautoa kwa kijiko. Wewe ulikuwa ukifunika unakwenda zako sokoni, na nikikuuliza kama imeiva unaniambia haraka haraka haina baraka. Nilidhani unanitania tu.

Mtungi huo ukawa siki. Vile vijinzi vidogo vya ndizi viliingia kila nilipofunua, nami nilifunua kutwa nzima. Faida alinusa tu, hakuonja. Jirani yetu, mteja wako wa siku zote, alionja, akaomba nimgawie ya kutia kwenye pilipili.

Faida akaniuliza, bila ukali: "Papa Riziki, unaifungulaka ya nini kila saa? Hii joto ya Kisangani inatosha. Iko inachemka yenyewe. Iache."

Nikainama kuosha mtungi. Jibu nakupa wewe.

Ulipougua nilikuwa nikifunua shuka kila mara nione kama unapumua. Ukachoka nami, ukasema: "Mutu wa kugonjwa hapana chungu ya kasiksi, Papa Riziki. Acha kunifungula-fungula." Tukacheka wote wawili. Jumamosi ile ya salongo, kazi ya lazima ya mtaa, uliamka vizuri, ukanywa uji, ukalala tena. Nikajikaza, sikufunua shuka. Nikachukua jembe nikaenda kusafisha mtaro pamoja na wenzangu, maana asiyeonekana huitwa kwa chifu wa mtaa. Niliporudi, Faida alikuwa mlangoni, mikono kichwani. Tangu siku hiyo, mke wangu, siamini kitu chochote kilichofunikwa.

Ndizi zilizobaki shimoni zilitosha mtungi mmoja tu, na siku ya matanga ilikuwa imekaribia. Huo nao ukiharibika, ndugu zako wangekuja kunywa chupa, na neno lako la mwisho ningekuwa nimelitupa. Nikakamua, nikatia mtama, nikafunika, nikafunga kamba, nikauweka nyuma ya kabati mahali ambapo jua halifiki. Ikaja Jumamosi, salongo tena. Nilisimama pale na jembe begani, mkono mwingine kwenye kamba, muda mrefu. Kisha nikaiachia kamba, nikatoka.

Mtaroni nililima kama mwehu. Chifu wa mtaa akanionyesha kwa wengine, citoyen, raia mwenye bidii. Hakujua kwamba mawazo yangu yalikuwa nyuma ya kabati. Kurudi nilitembea polepole. Mlangoni hapakuwa na mtu, kuku tu. Nilisimama nje ya nyumba yangu mwenyewe kama mgeni anayeogopa mbwa. Hatimaye nikasukuma mlango, nikasikia ile harufu tamu inayokera pua.

Majani yalikuwa yamevimba, Mama Riziki. Povu lilikuwa limepita chini ya kamba, linatiririka hadi sakafuni. Nilikaa kando ya mtungi nikalia kwa sauti, kilio ambacho hata makaburini hakikunitoka. Nilikuwa nimeondoka, na hakuna kilichoharibika kwa kuondoka kwangu. Kwa mara ya kwanza nikaweza kujiambia kwamba sikukuua kwa kwenda salongo. Hata ningekaa nimeshika shuka mkononi, ungekwenda tu, mimi nikikuangalia.

Riziki alikuja kwa mtumbwi wa mashine, tumbo limekuwa kubwa. Ndugu zako walionja wa kwanza. Mjomba wako alikunywa yote, kisha akanyoosha kikombe aongezewe. Faida alisema ina ukali kidogo, na ni kweli. Mtungi uliisha kabla ya jua kuzama. Nguo nyeusi nimeivua, na leo asubuhi nimerudi kwenye cherehani.

Nakuahidi mambo mawili. Riziki akijifungua nitamtengenezea kasiksi, na safari hii itakuwa laini kama yako. Na sitajiuliza tena kila asubuhi ingekuwaje kama ningebaki nyumbani.

Jumamosi ile nilitoka bila kukuaga, kwa sababu sikutaka kukuamsha. Basi nakuaga sasa, mke wangu. Mimi natoka. Wewe lala.

Papa Riziki