Magambuti ya Mama

Sparkhill, Birmingham
18 Januari 2004

Mpendwa dada Kijakazi,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Maulid na watoto wote hapo Wete. Goti lako vipi, limetulia au bado linakusumbua ukiinama? Sisi huku tunamshukuru Mungu. Shemeji yako Mselem kapata kikohozi cha baridi lakini kazini anakwenda. Mie mwili mzima, roho ndiyo imechoka, na utaona kwa nini.

Kanga ulizomletea mama zimefika. Moja kaivaa juu ya sweta na hataki kuivua hata ikafuliwe.

Kidonda cha mguu wake kimefunga, alhamdulillahi. Nilikwambia kwenye simu kwamba alikanyaga kigae cha chupa uani, akaendelea kulima bila kujua, maana sukari imeshamla nyayo, hazihisi kitu. Nilijua nilipoona damu kwenye zulia. Nesi anayekuja kumfunga dawa alinikalisha akaniambia wazi: kikifumuka tena, mguu utakatwa. Asitoke kwenda uani bila viatu madhubuti visivyopitisha maji, au asitoke kabisa.

Asitoke kabisa! Haya, nani wa kumzuia? Unamjua mama. Akishasali alfajiri anatafuta jembe. Nikifunga mlango wa nyuma anaugonga na kulia kama nimemtia jela. Watu anawasahau, dada, lakini muhogo anaukumbuka. Na uani kwetu hakuna muhogo, kuna tope na mvua tu, naye anapiga matuta na kumwita marehemu baba amletee mbegu.

Basi tukahangaika na magambuti. Ya mwanzo Mselem aliyanunua hapa hapa Stratford Road, mafupi, ya rangi ya kupendeza, nikamwambia hayo ya kuendea harusini. Hata mwezi haukwisha, mshono ukaachia, nikawa nakamua soksi za mama kama nguo za kufua.

Aliyetuokoa ni jirani yetu Paramjit, Singasinga aliyezaliwa Nakuru, ambaye zamani alikuwa akifanya kazi penye kuuzwa miche. Alitucheka sana, eti sisi tunanunua rangi. Tukapanda naye treni mpaka Sutton Coldfield, kisha basi, hadi duka la vifaa vya mashamba. Akaniambia nichukue ya mpira mmoja usio na mshono, marefu, yenye mdomo mpana ili mguu uliovimba uingie bila kusukumwa. Soli akaikunja kwa mikono yake miwili, ikakataa, akasema hii ndiyo, kigae hakipiti. Nizidishe namba moja kwa ajili ya soksi za sufu. Na kila asubuhi nitie mkono ndani mpaka mwisho, kwa sababu mama hata kokoto hataisikia.

Nyumbani nikayajaza maji bafuni. Hayakuvuja hata tone. Nilifurahi, wallahi, nikamwita Mselem aje aone.

Mama akatoka nayo hadi ukingo wa udongo, akayavua. Akayapanga pembeni vizuri, akaingia miguu mitupu kwenye tope la barafu. Nikamvisha, akavua. Nikamvisha tena. Akanitazama kama mtoto asiyefunzwa, akasema, "Shamba haliendewi na viatu, mwanangu."

Si unakumbuka? Hivyo ndivyo alivyotulea. Viatu vilikuwa vya safari tu.

Ijumaa moja mwezi uliopita nilipiga magoti kumvisha huku nalia, nimeshindwa. Akaniuliza, "Leo ndiyo safari?" Nikaitikia kwa kichwa. Basi hakuyavua mpaka magharibi.

Tangu siku ile anavaa bila ugomvi. Mguu mkavu, nesi kanisifu. Lakini kila asubuhi, akishavaa, anatuaga. Anamshika mkono Mselem, anamwombea dua, ananitaka radhi mie kwa taabu aliyonipa. Binti yangu Asmahan, ambaye Kiswahili anakisikia tu, mwanzo alicheka. Sasa anajifungia chumbani, hawezi kuagwa. Kisha mama analima kidogo, anakwenda kusimama kwenye mlango wa uani, ndani ya tope, kungoja gari.

Jioni nikimvua ananiuliza kama gari limeharibika. Namwambia kesho. Anasema, maskini Kijakazi, kanisubiri bure.

Dada, daktari amekataa asipande ndege. Mama harudi tena Pemba. Nimeshindwa kulisema hili kwa mdomo, ndiyo maana nakuandikia. Nakuomba jambo moja: nikipiga simu, akikwambia yuko njiani, usishangae wala usilie. Mwambie umeshamtandikia kitanda. Uongo huo nauchukua mie mbele ya Mungu, mradi mguu wake ubaki.

Nisalimie shemeji, na Bi Maisara wa nyumba ya pili, na Feisal, mwambie asome. Mungu akuweke, akupe subira, nami anipe japo nusu ya yako.

Mama naye anakusalimu. Amesimama mlango wa jikoni, kanga kichwani, magambuti miguuni. Anasema nikuandikie usitangulie mapema bandarini, jua kali.

Mdogo wako akupendaye,
Saido